Mtambo wa RO wa nyumbani: membreni ina miezi mitano tu, nayo imeanza kupitisha chumvi

MamaKibada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaishi Kibada, Kigamboni, na maji tunayotumia nyumbani ni ya kisima kirefu tulichochimba wenyewe. Ni maji meupe yasiyo na harufu, lakini chumvi yake inatosha kuharibu chai, na sabuni haitoi povu mpaka mkono uchoke kusugua. Miaka miwili iliyopita tulifunga chini ya sinki mtambo wa RO, yaani wa kuondoa chumvi kwa kusukuma maji kwa presha kwenye membreni (utando mwembamba), wenye hatua tano: filta ya pamba ya kuzuia tope, filta mbili za mkaa, membreni ya galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 284, na ile filta ndogo ya mkaa ya mwisho kabla ya koki. Kwa kuwa tangi letu la juu liko kwenye mnara wa mita sita tu, mtambo una pampu yake ndogo ya kuongeza presha, na maji safi huhifadhiwa kwenye lile tangi dogo la chuma lenye mfuko wa mpira ndani.

Mwanzoni sikuwa na malalamiko. Mita ya TDS, ile inayokadiria chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, ilisoma 1,480 kwa maji ya kisima na kama 60 kwa maji ya koki. Nimekuwa nikibadilisha pamba kila baada ya miezi mitatu na mkaa kila baada ya miezi sita, kama nilivyoelekezwa. Membreni ya kwanza ilidumu mwaka mmoja na nusu ikazidiwa, tukaweka mpya. Hiyo mpya ina miezi mitano tu, na wiki iliyopita mama mkwe wangu, ambaye ulimi wake hauhitaji mita, alikunywa funda moja, akaiweka glasi mezani, akaniuliza kama nimeyachota moja kwa moja kisimani. Nikapima. Mita ilisoma 390.

Yako mambo mengine mawili ambayo huenda yanahusiana na hilo. Kwanza, tangi dogo ambalo zamani lilijaa kwa saa moja hivi sasa linachukua zaidi ya saa tatu. Pili, usiku wa manane, wakati hakuna mtu aliyegusa koki, pampu huwaka yenyewe, hunguruma sekunde chache, huzima, kisha huwaka tena baada ya dakika kumi hivi. Maji ya kumwaga huwa tunayakinga kwenye ndoo kwa ajili ya choo na kudekia, na siku hizi ndoo haijai haraka kama zamani, jambo ambalo angalau limetufurahisha.

Fundi aliyetufungia anashauri tununue membreni nyingine, na tuongeze ya pili ili zisaidiane. Kabla sijatoa fedha, naomba mnieleze kama membreni inaweza kweli kufa kwa miezi mitano, na kama kuna kitu ninachokikosea katika matunzo.

Kisimani_Mtwapa

Dada, pole. Mimi niko Mtwapa, upande wa Mombasa, na maji yetu ya kisima hayana tofauti kubwa na hayo yako. Nadhani umeuziwa membreni ya bandia. Mimi niliuziwa moja yenye kibandiko kizuri na karatasi ya nailoni, nayo tangu siku ya kwanza haikuwahi kushuka chini ya 300. Badilisha, lakini nunua mahali pengine.

Mzee_wa_Pampu

Binti yangu, salamu. Nimefunga na kutengeneza mitambo ya maji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika maelezo yako yote kilichonishtua si 390, bali ni ile ndoo isiyojaa.

Ndugu yetu wa Mtwapa hajakosea kwamba membreni za bandia zipo, lakini membreni mbovu huonekana mbovu tangu siku ya kwanza, kama alivyosimulia mwenyewe. Yako, kama nimekuelewa, ilianza vizuri kisha ikaporomoka. Zaidi ya hayo, kupungua kwa maji na kupanda kwa chumvi kwa wakati mmoja ni ushahidi wa namna yake. Membreni iliyounguzwa na klorini, au ile ambayo oringi zake mbili za mwishoni (pete nyembamba za mpira) zimekatika wakati wa kuichomeka, hupitisha chumvi lakini maji hayapungui, na mara nyingi huongezeka, kwa sababu yanapita mahali yasipopaswa kupita. Chumvi ikipanda huku maji yakipungua, shuku ukoko: chokaa imeganda juu ya membreni na kuiziba.

Watu wengi hudhani membreni ni kama kifumbu cha kukamulia tui, kwamba maji yanapita na chicha inabaki humo mpaka siku ya kuitupa. Sivyo ilivyo. Maji ya kisima hutiririka juu ya uso wa membreni, sehemu yake hupenya na kuwa maji safi, na sehemu iliyobaki hutoka upande wa pili ikiwa imebeba chumvi yote iliyozuiwa. Hayo yanayomwagwa ndiyo yanayoiosha membreni kila sekunde. Ukiyapunguza, chumvi na chokaa huzidi kujikusanya juu ya uso ule mpaka vishindwe kuendelea kuyeyuka, navyo huganda kama ukoko ule ule unaouona ndani ya birika la chai.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Tafuta kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Funga valvu ya tangi dogo, fungua koki ya maji safi, acha mtambo utembee robo saa, kisha ukinge maji safi kwa dakika tano na maji ya kumwaga kwa dakika tano, kila moja kwa chombo chake. Pima TDS ya vyote viwili pamoja na ya maji yanayoingia. Soma na presha kwenye geji kama mtambo wako unayo. Usisahau ile robo saa ya kusubiri, maana mtambo ukiwa umelala, chumvi hupenya taratibu kuelekea upande wa maji safi, na glasi ya kwanza ya asubuhi siku zote hutoa namba kubwa kuliko hali halisi. Nimewaona watu wakitupa membreni nzima kwa sababu ya glasi hiyo ya kwanza.

Kuhusu pampu inayoamka usiku, fanya hivi. Subiri tangi lijae na pampu izime, kisha utazame mpira wa maji ya kumwaga. Kama unaendelea kudondosha, funga valvu ya tangi dogo. Matone yakikoma, maana yake maji safi yanarudi nyuma kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye membreni kinyumenyume na kuishia kwenye ndoo. Hapo mkosaji ni valvu ya njia moja, ambayo hukaa ndani ya kiwiko kinachotoa maji safi kwenye kopo la membreni. Matone yasipokoma, mkosaji ni valvu ya umeme ya kuingizia maji, ambayo haifungi sawasawa.

MamaKibada

Shikamoo Mzee, na asante kwa kunifafanulia kwa kina. Nimefanya kila kitu jana jioni, mume wangu akishika simu na mimi nikishika vikombe.

Maji safi yalikuwa mililita 225 kwa dakika tano, yaani 45 kwa dakika. Maji ya kumwaga yalikuwa mililita 350 kwa dakika tano, yaani 70 kwa dakika. TDS ya kuingia ni 1,480, ya maji safi 390, na ya maji ya kumwaga 2,160. Geji iliyo kabla ya membreni ilisoma bar 5.4, na haikutikisika.

Kuhusu usiku: pampu ilipozima, mpira uliendelea kudondosha kama tone moja kila sekunde. Nilipofunga valvu ya tangi, matone yalipungua na baada ya dakika mbili yakakoma kabisa.

Sasa naomba nikiri jambo ambalo sikulitaja mwanzoni, kwa sababu sikujua kwamba lina uzito. Siku tulipobadilisha membreni, nilimwambia fundi kwamba inaniuma kuona ndoo tatu za maji zinatoka ili nipate moja, hasa umeme unapokatika na tangi la juu likawa halijai. Alikata kile kijineli cha plastiki kilichokuwa kwenye mpira wa maji ya kumwaga, akaweka mahali pake valvu ndogo yenye kichwa cha kuzungusha, akaizungusha mpaka maji yakawa uzi mwembamba. Aliniambia sasa nitaokoa maji. Nilimshukuru.

Mzee_wa_Pampu

Marahaba. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na sikulaumu, kwa sababu nia ilikuwa njema na kila mwenye mtambo huu amewahi kuwaza hivyo.

Kwanza nimehakiki vipimo vyako, maana namba zisipooana huwa siendelei. Mililita 115 zinaingia kwa dakika zikiwa na 1,480. Mililita 45 zinatoka safi zikiwa na 390. Basi zile 70 zilizobaki zinapaswa kubeba karibu 2,180. Wewe umesoma 2,160. Vikombe vyako ni vya kuaminika.

Sasa rudi nyuma hadi siku membreni ilipokuwa mpya. Wakati huo ilikuwa ikitoa kama mililita 180 kwa dakika, kwa makadirio ya muda wa saa moja uliokuwa ukijaza tangi. Fundi akaubana mpira ukabaki na mililita 70. Maana yake ni kwamba katika kila mililita 250 zilizoingia, 180 zilipenya na 70 zikabaki na chumvi ya zote. Ukipiga hesabu, maji yaliyokuwa yakitoka mwishoni mwa membreni yalikuwa na zaidi ya 5,000. Maji ya kisima ambacho sabuni yake haitoi povu tayari yana chokaa nyingi. Ukiyakoleza zaidi ya mara tatu, chokaa hiyo haina njia isipokuwa kuganda. Membreni yako haikufa kwa uzee. Ilikoseshwa maji ya kuoga.

Kile kijineli kilichokatwa kinaitwa kibanio cha mkondo, na ingawa ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote chini ya sinki, ndicho kinachoamua umri wa kipande cha bei kubwa kuliko vyote. Kazi yake ni kubana maji kiasi cha kuifanya presha ipande, lakini bado kuacha mkondo wa kutosha kuosha. Huandikwa namba ubavuni, nayo ni mililita kwa dakika. Kwa membreni ya galoni 75 huuzwa sana kile cha 300, ambacho kinafaa kwa maji laini ya bomba. Kwa maji yako ningeweka cha 550, ili maji ya kumwaga yawe mara tatu ya maji safi. Hapo yatatoka yakiwa na karibu 1,950 tu, na chokaa nyingi itaendelea kuyeyuka mpaka itoke nje.

Najua utaniuliza kuhusu ndoo. Familia inayotumia lita 15 kwa kunywa na kupikia itamwaga kama lita 45 kwa siku. Si kidogo, lakini si hasara pia, maana choo na sakafu havionji chumvi. Usimwagilie bustani tu. Mnazi utavumilia, maharage hayatakubali. Na hiyo membreni ya pili aliyokushauri fundi, kama ungeiweka bila kuondoa ile valvu, ungekuwa na membreni mbili zilizoziba badala ya moja.

Kabla ya kuitupa iliyopo, itoe kwenye kopo lake uitazame upande wa kutokea. Ukiona vumbi jeupe linalokwaruza ukucha, dondoshea siki. Ikitoa mapovu, ni chokaa ya kawaida, na asidi ya sitriki inaweza kuiyeyusha: gramu 20 kwa lita moja ya maji safi ya vuguvugu, yasiwe ya moto, kwenye chombo cha plastiki kirefu kitakachoizamisha yote. Iache saa kadhaa ukiigeuza mara moja moja, kisha uirudishe na kuacha mtambo utembee nusu saa huku maji yote yakimwagwa. Sikuahidi muujiza. Viwandani dawa hii huzungushwa kwa pampu ipite katikati ya matabaka, na kuiloweka tu hufika sehemu, haifiki kila mahali. Isipotoa mapovu, huenda ni ukoko wa aina nyingine ambao siki na ndimu haviuwezi, na hapo usipoteze muda.

Ukirudisha membreni, tazama ile pete pana ya mpira iliyoizunguka. Hukaa upande maji yanakoingilia, na midomo yake isikunjike, vinginevyo maji hupita pembeni bila kuigusa membreni. Oringi zipake grisi ya silikoni kidogo tu. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yanatokana na petroli na huzivimbisha, nami nimeshayakuta kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kile kiwiko chenye valvu ya njia moja, kibadilishe chote. Ndani kuna kimpira kidogo ambacho punje moja ya mkaa inatosha kukizuia kufunga.

Kisimani_Mtwapa

Mzee, nimesoma nikakimbia kutazama kibanio changu. Kimeandikwa 300 na maji yangu ni 1,900. Nimejifunza.

Naomba kuuliza kuhusu safari. Kila Desemba tunaenda bara kwa wiki tano na nyumba inabaki tupu. Mwaka jana tuliporudi, maji ya koki yalikuwa na harufu kama ya kitambaa kilichokaa na maji, na shemeji yangu alinishauri nimimine jiki kidogo kwenye kopo la kwanza. Niliogopa nikaacha. Nilikosea?

Mzee_wa_Pampu

Uoga wako ulikuokoa. Membreni za leo zimetengenezwa kwa poliamaidi, aina ya plastiki, na klorini huila taratibu mpaka ipoteze uwezo wa kuzuia chumvi, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Wale waliotengeneza membreni ya kwanza yenye manufaa, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia selulosi asetati, ambayo ilivumilia klorini kidogo lakini bakteria waliweza kuila. Tulipohamia poliamaidi tulipata maji mengi zaidi kwa presha ndogo, tukapoteza ustahimilivu huo. Ndiyo maana kwa wanaotumia maji ya bomba yenye klorini, filta ya mkaa kabla ya membreni si pambo. Wakichelewa kuibadilisha, membreni ndiyo hulipa.

Kwa ninyi wa visimani ambao hamna klorini, shida ni ya upande wa pili: hakuna kinachowazuia bakteria, na mkaa ulio na joto na unyevu ni makazi yao mazuri. Harufu uliyoisikia ilitoka huko au kwenye tangi dogo. Jiki inaruhusiwa kwa sharti moja, kwamba membreni na filta zote ziwe nje. Makopo matupu, mipira na tangi huoshwa kwa jiki isiyo na manukato iliyochanganywa na maji, huachwa nusu saa, kisha husuuzwa mpaka harufu iishe kabisa, na hapo ndipo filta mpya huwekwa. Ukirejesha membreni wakati harufu ingalipo, umeiunguza kwa mkono wako.

Ukisafiri, funga maji ya kuingia, chomoa umeme na ulimwage tangi dogo lote. Ukirudi, mwaga matangi mawili ya kwanza. Na tangi likiwa tupu ndio wakati mzuri wa kupima upepo wake: nyuma au chini kuna kifuniko, na ndani yake valvu kama ya tairi la baiskeli. Ipime kwa geji ya tairi, iwe kati ya psi 5 na 7. Ukipungua, tangi litakuwa zito limejaa maji lakini koki inatoa uzi. Na ukibonyeza kipini cha valvu hiyo yakatoka maji badala ya upepo, mfuko wa ndani umepasuka. Nunua tangi jingine.

Mkazi_wa_Usa_River

Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kuongeza jambo linalotuhusu sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru. Huko Kigamboni chumvi inawafanyia hisani, kwa kuwa mtambo ukiharibika ulimi unawaambia. Kwetu tatizo ni floridi, ambayo haina ladha, haina rangi wala harufu. Kisima chetu kina TDS ya 420 tu, maji ambayo mtu yeyote angeyasifu, lakini maabara ilikuta floridi miligramu 7.8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Meno ya rangi ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na vijiji jirani ndiyo ushahidi wa maji hayo, na kuyachemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floridi inabaki.

Hesabu aliyoifanya Mzee inatuhusu kwa ukali zaidi. Membreni yangu ikizuia asilimia 95, floridi inayopita ni kama 0.4, na tuko salama. Ikishuka hadi asilimia 74, kama ilivyofika ya Mama Kibada, inayopita ni kama 2, na hakuna mtu mezani atakayejua. Mita ya TDS itasoma kama 110, namba ambayo inaonekana nzuri ajabu. Kwa hiyo mimi siangalii namba ya maji safi peke yake, bali naigawanya kwa namba ya maji yanayoingia. Ikizidi sehemu moja ya kumi, natafuta sababu. Na kwa kuwa mita haiitambui floridi, bali hupima tu jinsi maji yanavyopitisha umeme, kila mwaka napeleka chupa moja ya maji ya koki kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Wapo majirani wanaotumia mkaa wa mifupa kunasa floridi, ule ulioendelezwa na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nao pia wanalazimika kupima, kwa sababu mkaa ule hushiba bila kutoa taarifa.

Jambo dogo kwa wenye filta ya kurudisha madini baada ya membreni: toeni maji ya kupima kabla hayajaifikia. Filta hiyo huongeza TDS kwa makusudi, na mnaweza kuilaumu membreni isiyo na hatia.

MamaKibada

Ninarudi na matokeo, maana si vyema kuuliza kisha kupotea.

Membreni niliitoa Jumamosi. Upande wa kutokea ulikuwa na ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na nilipodondoshea siki ulichemka kwa mapovu madogo yenye sauti. Niliiloweka kwenye maji ya asidi ya sitriki usiku kucha. Fundi mwingine alifunga kibanio cha 550 na kiwiko kipya, na ile valvu ya kuzungusha nikaiweka kwenye droo. Baada ya kuosha, maji safi yalipanda kutoka 45 hadi 110 kwa dakika, na TDS ikashuka hadi 210. Ni nafuu kubwa, lakini si ya kunywewa na mama mkwe.

Nikanunua membreni mpya, moja tu. Matangi mawili ya kwanza nilimwaga. Jana baada ya robo saa mtambo ulisoma 1,480 kuingia, 58 kutoka, maji safi mililita 185 kwa dakika, ya kumwaga 560, na presha bar 5.3. Nimeviandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati la sinki, pamoja na tarehe, na nimeacha mistari mitupu kumi na moja kwa ajili ya miezi inayofuata. Pampu ililala usiku mzima. Ndoo imefurika mara mbili tangu asubuhi, na tumenunua ya pili.